Nyumba Niliyoiingia kwa Juu

Mwanangu ana sauti ya kadhi. Akikaa barazani na mgeni hukohoa kwanza, mara mbili, halafu huitoa ile sauti puani, pole pole, kama mtu anayemimina samli. "Bwana wee, unaiona nyumba hii? Sakafu yake ya juu imepigwa na mafundi kutoka Uarabuni. Babu yangu kawaleta mwenyewe. Wanaume thalathini, vifua kama milango, nyundo zao mtu wa leo hawezi hata kuzinyanyua."

Mimi niko ndani, nyuma ya dirisha, nnachambua mchele. Nnamsikiliza miaka mingi sasa. Kila mwaka mafundi wanazidi vifua.

Ukweli nlikuwa nao mimi peke yangu. Fundi wa Uarabuni ni mimi. Mimi na watoto wa kike wenzangu wa Mangapwani, na mama zetu, na shangazi yangu mmoja mwenye pumu, yeye kapewa kazi ya kumwaga maji. Nlikuwa na miaka kumi na tatu, kifua sina, cha mlango wala cha dirisha.

Tuliletwa mjini kwa kibarua. Mafundi wanaume walishalaza boriti, juu ya boriti mawe, juu ya mawe kokoto na chokaa. Ikabaki kuipiga. Chokaa ile haipigwi siku moja. Unaipiga leo, kesho, keshokutwa, kwa vibao vidogo vya mti, mpaka ikaze na maji yasipate pa kupita. Na kwa kuwa ndani mlikuwa na mabibi wa nyumba, wenye kukaa ndani, sisi hatukupitishwa mlangoni wala kwenye ngazi zao. Tuliwekewa ngazi ya miti kwa nje, upande wa uchochoroni, tukapanda moja kwa moja mpaka juu kama paka. Nyumba hii nliijua kichwa chake kabla sijaujua mlango wake.

Miaka sita baadae nkaolewa humu humu. Mambo mjini yalishabadilika, watu wakubwa wameshuka kidogo, watu wadogo tumepanda kidogo, tukakutana katikati ya ngazi. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini, hajui lolote. Aliyenipokea ni mama mkwe. Alikuwa na sauti nyembamba kama uzi wa hariri, na kila herufi ya kooni aliitoa kooni hasa, haikosei njia. Kanishika mkono, kanambia, "Karibu, mwanangu. Nyumba hii ulishapata kuiona?"

"Bado, Mama."

Uongo wa kwanza katika nyumba ya watu, na hina haijakauka. Ilipokuja masika, mvua ikanyesha siku tatu haikatiki, yeye kajilaza kitandani anatazama boriti. "Haivuji," kasema. "Waliipiga vizuri." Halafu kanitazama mimi, kwa muda. Nkaenda kuangalia chungu jikoni. Hakulitaja tena mpaka anakufa. Mimi nlikuona kule kunyamaza kwake ni stara kanivisha, na stara mtu haivui mwenyewe barabarani.

Nkazaa, nkalea, na mwanangu ile hadithi sijui kaipata kwa baba yake, sijui kaitunga. Nkaiacha. Mtoto akifurahi na kitu usimpokonye. Sasa mtoto mwenyewe ana mvi.

Binti wa huyu mwenye sauti ya kadhi ndiye mke mwenzangu. Ndivyo nnavyomwita tangu mdogo, maana alikuwa akimng'ang'ania babu yake, kula naye, kulala naye, mimi nikae wapi. Kasomea majumba: kuchora ramani, kujua ukuta upi ukiutoa nyumba inakwenda chini. Kafanya kazi na watu wanaotengeneza nyumba kongwe za mjini, halafu siku moja kaja na jambo lake. Yeye akisema hapumui: "Bibi unajua nyumba na ngoma ni kitu kimoja zote ni watu na nafasi na uzito mimi ntaicheza nyumba yetu!"

"Utacheza na choo?" nkamwuliza.

"Bibi!"

"Mimi nauliza. Nyumba ina choo."

Akaanza kuipima. Mwanzo kwa ule utepe wa chuma unaorudi wenyewe, halafu kwa mwili wake. Mara nnamkuta ukumbini kalala chali, mikono kaitanua, anahesabu. Mara yuko kwenye ngazi, anapanda, anashuka, anaandika goti limepindaje. Siku moja nkamvuka na sinia la mikate. "Bibi usinikanyage, mimi ni ukuta." Nkamwambia ukuta hausemi.

Lakini nimpe haki yake. Alipokaa akanieleza taratibu nlimfahamu. Vyumba vyetu vya mjini ni vyembamba kwa sababu boriti ni mti wa mkoko, na mkoko urefu wake ndio ule ule, haukujali una watoto wangapi. Basi katika ngoma yake hakuna anayekwenda pembeni zaidi ya urefu wa boriti. Akifika hapo ageuke, kama sisi tunavyogeuka chumbani maisha yetu yote. Kuta zake ni watu wawili wawili waliopeana migongo, kwa sababu kuta zetu ni nene, na mikono yao wakiikunja ndiyo vidaka vya kuwekea vyombo. Katikati kaacha pahala patupu, ndiyo ua. Haingii mtu pale mpaka mwisho, lakini wote wanapatazama. Na mlango ni watu wawili: mmoja hufunguka kila saa, wa pili kasimama tu, hufunguka kwa harusi na kwa jeneza. Tena ana neno lake moja kila siku: "Uzito lazima uwe na njia ya kushuka. Ukiruka, nataka nione uzito wako unaingia wapi, unapita wapi, unafikaje chini." Hilo hata mie nlilipenda. Nimebeba ndoo za maji miaka yangu yote. Uzito usipopewa njia unajitafutia wenyewe, kiunoni.

Wachezaji kawatoa Jambiani, wanawake wa mwani. Wasichana wa mjini kawakataa, kasema wanacheza kama wanajitazama kwenye kioo. Kataka watu walioinama na kusimama ndani ya maji tangu wadogo. Wakaja kumi na wawili, na kiongozi wao mtu mnene, sauti yake akiwa Jambiani waliopo Mangapwani wanaitika "naam". Tulipoonana tu tukajuana.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Nasikia umekuja kuwa nguzo."

"Nguzo? Kwa mwili huu mie ni vyumba vitatu na stoo."

Walikuwa wakifanyia katika ghala moja tupu karibu na bandari. Siku ya kwanza mke mwenzangu kaichora nyumba yetu chini kwa chaki, chumba kwa chumba, ukubwa wake hasa. Mimi kusoma sijui, lakini nyumba ile nliisoma. Nlijua mpaka pembe ninayowekea mtungi. Akasema, "Haya, ingieni." Hawakuingia. Wamevua ndara, wamezipanga vizuri nje ya mstari, wamesimama. Yeye anawangoja, wao wanamngoja.

"Ingieni basi!"

"Hodi," kasema yule mnene.

"Hodi ya nini? Hii chaki."

"Chaki ni chaki, mwanangu, lakini mlango ni mlango."

Mpaka mimi niliyekaa kwenye kiti pembeni nkasema "karibuni" ndiyo wakaingia, mguu wa kulia mbele. Na hakuna aliyekanyaga mstari, siku ile wala siku zote zilizofuata. Mtu akitaka kutoka chumba hiki kwenda kile anazunguka kwa mlangoni, wakati ukuta wenyewe ni vumbi. Mke mwenzangu kanishika mkono njiani, kanambia, "Bibi, hilo ningewafundisha mwaka mzima nisingeweza." Ngoma ikawa inaanza kwa hodi, na mimi nkapata kazi ya kusema karibuni.

Siku ya pili ikawa ugomvi. Kawaambia walale chumbani. Wamekataa wote, wamesimama kama mikungu ya ndizi. Kumbe ramani kaigeuza ili watazamaji wakae upande wa mlango mkubwa wa ghala, na kwa kugeuza vile miguu yote ya kitandani imeelekea kibla. "Mie sinyooshi mguu kibla," kasema yule mnene, "hata kwa mchezo. Nyumba yenu kule mjini haiko hivi." Kweli haiko hivi. Mke mwenzangu kachukua tambara, kaifuta nyumba nzima, kaijenga upya kabla ya adhuhuri. Fundi wa Uarabuni gani angeweza.

Basi kila kitu kikawa kinakwenda, ila juu. Sehemu ya mwisho ilikuwa sakafu: wote wanaingia katika ule ua mtupu, wanapiga. Hiyo mke mwenzangu kaitunga kama alivyosikia kwa baba yake. Wanaume thalathini, vifua kama milango. Maskini wale wanawake wananyanyua mikono juu kabisa, wanaruka, wanashuka kwa kishindo, puu! Wananyanyua tena, puu! Dakika tatu pumzi ziko shingoni, kila mmoja na wakati wake. Mlango mzuri, ngazi nzuri, juu vurugu. Mie nlikuwa nnaangalia vidole vyangu. Nlijua kasoro iko wapi, na nlijua nikiitaja hiyo nnaitaja na nyengine.

Alhamisi ngoma ikakatika. Yule mnene kakaa kitako katikati ya ua.

"Huku si kujenga, mwanangu. Huku ni kuua nyoka. Sisi Jumapili bamvua, maji yanatoka mbali, tunatakiwa kwenye mwani wetu. Kiuno hiki ndicho kinachonilisha. Jumamosi, siku ya watazamaji, tutakuchezea mpaka kwenye ngazi, tuishie hapo."

Wenzake wote wakainamisha vichwa, ndiyo kukubali.

Mke mwenzangu kwa mara ya kwanza nlimsikia akisema pole pole. "Nyumba isiyo na juu ni gofu. Nitawaalika watu waje waone gofu?" Kazishika karatasi zake, kazitazama kama zimemtukana. "Baba kasema walikuwa watu wenye nguvu. Nimefanya nguvu. Sijui nimekosea wapi."

Na baba yake alikuwa anakuja. Ngoma hazipendi, ya jukwaani ndiyo kabisa, lakini hii kakubali kwa kuwa inachezwa nyumba yake, na keshawatangazia mtaa mzima. Mtoto kamuahidi: Jumamosi isipokaa, anarudi ofisini kuchora vyoo vya watu, na habari ya ngoma khalas, haitasikika tena katika nyumba ile.

Nkakaa nkafikiri. Nikisema, mwanangu anakuwa mwongo kwa kila aliyekaa naye barazani, na mimi nnakuwa mwongo kwake tangu siku aliyozaliwa. Nisiposema, mtoto huyu anajilaumu kwa kosa nililolilea mimi. Kaitunga sakafu juu ya uongo, ndiyo maana haikazi.

Nkavua ndara. Moja nkaiacha, moja nkaishika mkononi.

"Hodi."

Yule mnene kageuka. "Karibu, bi mkubwa. Umekuja kututoa?"

"Nimekuja kukufunza kazi. Sogea, umejaza ua."

Nkachuchumaa. Goti likalia ko, ghala zima likasikia, na mtu mmoja kasema "bismillah". Nkawaambia: sakafu ukiipiga kwa nguvu inapasuka. Mkono haupandi juu ya goti. Mnapanga safu, bega kwa bega, mnapiga mbele yenu kidogo kidogo, ta ta ta ta, mara nne, halafu mnasogea nusu hatua. Safu ya nyuma inapiga pale mlipokuwa mmesimama, inafuta nyayo zenu. Na ya nyuma yake inafuta nyayo zao. Wimbo si wa kumfurahisha mtu, ni wa kupumulia. Mmoja anatoa, wote wanapokea mkono ukishuka. Ndivyo mtu anavyopiga toka asubuhi mpaka alasiri na jioni akatembea kwa miguu yake. Nkawa nnapiga kwa ndara, ta ta ta ta, na mkono ule haukuniuliza kitu, ulikuwa unakumbuka wenyewe.

"Na nyayo za safu ya mwisho?" kauliza mmoja.

"Anazifuta shangazi yangu mwenye pumu, kwa maji."

Wakacheka. Mke mwenzangu hakucheka. Kapiga magoti mbele yangu, kaweka kiganja sakafuni, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Bibi. Umejuaje?"

"Nimepiga."

"Umepiga wapi?"

"Kwenu. Juu pale unapoanika nguo. Nlikuwa na miaka kumi na tatu."

Yule mnene, ambaye hadithi ya mafundi alishaisikia wiki nzima, kapiga kofi paja lake. "Kumbe fundi wa Uarabuni ndiye huyu! Mbona kifua sikioni?"

"Kimebaki Mangapwani, kinakuja na gari la pili."

Wakajipanga. Safu tatu, wanne wanne. Walikuwa wanajua, tena kuliko mimi. Mtu aliyezoea kufunga mwani kwenye kamba, fundo moja moja, anaijua kazi ndogo isiyokwisha. Wakapiga kitambo kirefu na hakuna aliyetweta. Mke mwenzangu kalala pale pale chini, sikio limegusa sakafu. "Uzito unashuka kama mvua," kasema. Ni yeye na maneno yake. Mimi nlitaka kunyanyuliwa tu, mguu ulishakufa ganzi.

Njiani kaniuliza, "Na Baba?"

"Baba yako niachie mimi."

Ijumaa akitoka msikitini hula kwangu. Nkamngoja ale tonge tatu, maana habari haimwingii mtu mwenye njaa.

"Mwanangu."

"Naam, Mama."

"Wale mafundi wa babu yako hawakutoka Uarabuni."

Mkono ukasimama juu ya sahani. "Wametoka wapi?"

"Mangapwani. Walikuwa wanawake na watoto wa kike. Mmoja wao ndiye aliyekupikia wali huo."

Nkamweleza yote, ngazi ya miti, shangazi, ile "bado, Mama" niliyomjibu bibi yake. Sauti ya kadhi ikaondoka, ikabaki nyengine ambayo sikuisikia tangu yuko chuoni anasomeshwa juzuu.

"Mama, nimewasimulia watu miaka yote hii."

"Na wamefurahi."

"Kwa nini hukunambia?"

"Bibi yako kanisitiri, na mimi nkakusitiri wewe. Nimekosea. Binti yako ndiye aliyevunjikiwa."

Kanawa mikono. Wali umebaki nusu sahani, na mwanangu habakishi wali. Kasema alhamdulillahi, katoka. Alasiri ile barazani hakukaa. Nlisikia nyayo juu, zinakwenda mpaka ukutani, zinarudi, zinakwenda, mpaka magharibi.

Jumamosi baada ya sala ya alasiri ghala likajaa. Mtaa mzima umekuja, na majirani wamejifukiza udi kama wanakwenda harusini. Pembeni yangu nkaweka mkoba kwenye kiti, anayekuja namwambia pana mtu. Mtu hayupo. Mke mwenzangu kasimama ukutani, kanitazama, katazama mkoba, katazama mlango. Nkamfanyia ishara ya mkono, anza.

Hodi. Karibuni. Wakaingia. Mlango ukafunguka upande mmoja. Vidaka vikatoka kutani, watu wakacheka kwa kuvijua. Walipofika kwenye ngazi, wanapanda wakiwa chini, magoti tu yanapanda, ndiyo nkasikia mtu anavua viatu nyuma yangu. Nkautoa mkoba. Kakaa. Hakunitazama.

Halafu wakaingia uani. Hapana ngoma, hapana kishindo. Safu tatu, mikono chini ya magoti, ta ta ta ta, nusu hatua, na sauti ya yule mnene, aliyezoea kuita kisiwa kizima, ikawa ndogo kiasi cha kupumulia. Watu walikuwa wanazungumza, wakaacha. Nkamtazama mke mwenzangu. Kafumba macho, kichwa kakilaza ukutani, midomo inahesabu. Imekaza. Alijua, na mimi nlijua, na ofisi ya vyoo imtafute mwengine.

Mwanangu kaniinamia. Sauti yake haikuwa ya mtu yeyote anayemwigiza.

"Ulikuwa safu ya ngapi?"

"Ya pili. Wa mwisho, upande wa bahari."

Katafuta kwa macho mpaka kampata: mwanamke mwembamba, kilemba cha kanga kimemteremka kwenye nyusi, anapiga, anasogea, anapiga. Wengine wote hakuwaangalia tena. Kamtazama yule mmoja mpaka mwisho, na mimi nkamtazama pia. Alikuwa anapiga vizuri kuliko nlivyokuwa nnapiga mimi, lakini hilo sikumwambia.